Paka Mwoga na Safari ya Kliniki: Mwongozo Kamili wa Kumtuliza, Kuanzia Sebuleni hadi Arudi Nyumbani

Paka wengi humwona daktari mara chache sana: siku ya chanjo, siku ya kuhasiwa, na siku ugonjwa unapozidi. Kila mara mambo huwa yale yale. Anakamatwa ghafla, anatiwa kwenye gunia au katoni, anapandishwa bodaboda, anafikishwa mahali panaponuka mbwa na dawa, kisha anadungwa sindano. Paka hasahau jambo la namna hiyo. Kama wako hukimbilia uvunguni mara tu unaposhika katoni, jua kwamba hofu yake haianzii kwa daktari, inaanzia nyumbani. Kwa hiyo kazi kubwa hufanywa wiki mbili tatu kabla ya safari. Siku yenyewe ikifika hujabaki na mengi ya kufanya.

Wako wanaosema paka ni paka, mshike tu amalizane na sindano. Tatizo ni kwamba hofu huharibu uchunguzi wenyewe. Paka aliyeogopa sana, sukari ya damu yake inaweza kupanda hadi ifanane na ya mgonjwa wa kisukari. Presha hupanda pia, moyo hukimbia, na tumbo hukaza kiasi kwamba daktari hawezi kupapasa figo wala kibofu. Paka mzima aliyetulia nyumbani hupumua mara 20 hadi 30 kwa dakika, na joto la mwili wake huwa kati ya 38.1 na 39.2. Mhesabie pumzi akiwa amelala, uandike, umwonyeshe daktari. Namba hiyo itamsaidia kuliko ile atakayoipata mezani.

Kasha la kumbebea

Tuanze na gunia, kwa sababu bado ndilo linalotumika sana. Gunia halina umbo, humbana paka pande zote, hupasha joto haraka, na kumtoa humo ni vita. Katoni ni afadhali kidogo, lakini paka akikojoa chini hulegea, na paka mwenye nguvu huitoboa njiani. Kumpakata tu mkononi kwenye matatu usijaribu kabisa: honi moja inatosha kumfanya aruke dirishani.

Kinachofaa ni kasha gumu la plastiki ambalo kifuniko chake cha juu hufunguka au hutoka chote. Kasha lenye mlango wa mbele pekee humlazimisha mtu kumvuta paka au kumwaga kama takataka. Kwa paka wa kilo 4 hadi 5, tafuta lenye urefu wa sentimita 45 hadi 50, upana wa 30 na kimo cha 30. Anatakiwa aweze kusimama, kugeuka na kujilaza. Kubwa mno nalo halifai, kwani ataserereka kila dereva akishika breki.

Kama kasha la dukani halipatikani au bei ni ya kuumiza, tengeneza. Nunua vikapu viwili vya plastiki vya ukubwa mmoja, vile vya matundu vya kuwekea nguo za kufua. Matundu yawe madogo, vinginevyo atapenyeza mguu na kuuvunja. Funika kimoja juu ya kingine, mdomo kwa mdomo. Upande mmoja mrefu ufunge kwa vile vikamba vya plastiki vya kubania nyaya, vitatu, visikazwe sana ili viwe kama bawaba. Pande nyingine tatu zifunge kwa kamba imara ya manila unayoweza kuifungua haraka, fundo mbili kila upande. Chini tandika kipande cha katoni kilichokatwa sawasawa, juu yake taulo kuukuu, juu ya taulo leso au fulana uliyoivaa. Kabla ya kumweka paka, jaribu nguvu zake: tia pakiti mbili za unga wa kilo 2 na moja ya sukari ya kilo 1, nyanyua, tikisa, geuza kidogo. Kikapu kikipinda au mdomo ukiachana, ongeza mafundo.

Pima pia uzito wa kasha tupu na uuandike juu yake kwa kalamu. Daktari atampima paka akiwa humo humo kisha atatoa uzito wa kasha, na hapo umeondoa kero moja kabla haijatokea.

Wiki tatu za kulizoea

Kosa la kawaida ni kuhifadhi kasha stoo na kulitoa asubuhi ya safari. Paka akiliona tayari ameshajua. Liache sebuleni mwaka mzima, liwe sehemu ya fanicha. Ukishindwa, lipe angalau wiki tatu.

Siku 4 za kwanza, ondoa kifuniko na uweke nusu ya chini mahali ambapo paka hupenda kulala. Nakuru yenye asubuhi za baridi, hapo huwa ni dirishani penye jua. Kisumu huwa ni sakafu ya simiti iliyopoa. Weka karibu yake omena watatu au wanne waliochemshwa bila chumvi, bila kitunguu. (Kitunguu na kitunguu saumu huharibu damu ya paka, kwa hiyo usimpe omena wa kukaangwa kwa mchuzi wa nyumbani.) Kila siku wasogeze ndani kidogo, hadi amfuate wa mwisho nyuma kabisa ya kasha. Usimsukume. Usikae hapo ukimkodolea macho.

Siku ya 5 hadi ya 9, rudisha kifuniko, mlango ukiwa wazi, na umlishe chakula chake cha jioni humo. Akiingia mwenyewe na kula bila kuchungulia nyuma, nenda mbele.

Siku ya 10 hadi ya 14, funga mlango akiwa anakula. Mara ya kwanza ni sekunde 5 tu, kisha 30, kisha dakika 1, hadi ufikie dakika 5. Fungua kabla hajaanza kulia. Ukifungua akiwa analia, umemfundisha kwamba kulia ndiko kunakofungua mlango.

Wiki ya tatu ni ya mwendo. Nyanyua kasha kwa kulibeba chini kwa mikono miwili, ukilishikiza kifuani, si kwa mpini likining'inia na kupiga goti lako. Tembea naye ukumbini, teremka ngazi, rudi, mpe omena. Ukiwa na gari, au jirani mwenye tuktuk asiye na haraka, mweke ndani injini ikiwa imezimwa, kesho yake injini ikiwaka, kesho kutwa mzunguke mtaa na kurudi. Safari isiyoishia kwenye sindano ina faida kubwa kuliko inavyoonekana.

Kipimo cha hofu ni chakula. Paka anayekataa omena mahali ambapo jana alikula ameogopa, hata kama ametulia tuli. Rudi hatua moja nyuma kwa siku 2. Mambo matatu huharibu zoezi hili mara nyingi: blanketi la kasha kufuliwa kwa sabuni yenye harufu kali au Jik, watoto kumfungia humo kwa mchezo, na mwenye paka kuruka hatua kwa sababu "jana aliingia vizuri."

Sambamba na hayo, mzoeshe kuguswa. Akiwa amesinzia, shika sikio sekunde mbili, inua mdomo uone fizi, bonyeza kidole cha mguu ukucha utoke, kisha mpe kitu. Daktari atafanya hayo hayo.

Kumchagua daktari na saa

Kutoka Bungoma na Kakamega hadi Njoro, madaktari wengi wa mifugo riziki yao ni ng'ombe wa maziwa. Asubuhi wako mashambani, na magwanda wanayorudi nayo yana harufu ya zizi. Hilo si kosa lao, ila kwa paka ni habari kubwa. Piga simu siku kadhaa kabla na uulize wazi: Je, unatibu paka mara kwa mara? Kuna chumba chenye mlango na madirisha yanayofungwa? Naweza kungoja nje hadi zamu yangu? Utakubali kumchunguza akiwa ndani ya nusu ya chini ya kasha? Jibu la "mlete tu, tutamfunga" linakutosha kutafuta kwingine. Uliza pia kama amesajiliwa na Kenya Veterinary Board. Mwuzaji wa agroveti anaweza kuwa mtu mwema na mjuzi wa mbegu za mahindi, lakini hiyo haimfanyi daktari.

Omba saa ambayo kliniki haina mbwa. Kisumu, saa za asubuhi ni bora zaidi kwa sababu mbili: joto halijapanda, na mvua za ngurumo huja zaidi alasiri. Kampeni za chanjo ya kichaa cha mbwa, hasa zile za kuzunguka tarehe 28 Septemba, ni huduma nzuri sana, lakini foleni ya mbwa hamsini uwanjani si mahali pa paka mwoga. Mpeleke kliniki siku nyingine.

Na kama daktari anakubali kuja nyumbani, kwa chanjo au uchunguzi mdogo hilo huwashinda yote mengine. Saa moja kabla hajafika, mfungie paka kwenye chumba kidogo kisicho na kitanda wala kabati la kujificha nyuma yake, pamoja na kasha lake wazi. Daktari anapoingia, asimkute paka anafukuzwa nyumba nzima.

Dawa za kutuliza

Kwa paka ambaye mazoezi hayamtoshi, dawa inayotumiwa sana ni gabapentini. Kipimo cha kawaida kwa paka mzima ni miligramu 50 hadi 100, mara moja, saa 2 hadi 3 kabla ya uchunguzi. Daktari ndiye anayeamua, kwa sababu paka mwenye ugonjwa wa figo, mzee au mdogo sana huhitaji kipimo cha chini zaidi. Kapsuli hufunguliwa na unga wake kuchanganywa na kijiko kimoja cha chai cha supu nzito ya samaki. Ni chungu, basi usiumwage kwenye bakuli zima la chakula ambacho hatakimaliza. Ukiuziwa kapsuli ya 300, usigawanye unga kwa macho: rudi dukani na cheti cha daktari uombe ya 100. Gabapentini ya maji iliyotengenezwa kwa watu, usiitumie bila daktari kusoma viungo vyake, kwani baadhi zina utamu wa zailitoli.

Ijaribu siku ya kawaida kabla ya safari. Atasinzia, atayumba kidogo, pengine atadondosha mate, na kwa saa 8 hadi 12 asipande juu ya kabati wala asitoke nje. Ukishaona anavyoipokea, hutashtuka siku yenyewe. Mwambie daktari umempa nini na saa ngapi.

Panadol humuua paka, hata nusu kidonge. Valiamu ya kumeza imewahi kuharibu ini la paka ghafla. Piriton ya watoto si ya kubahatisha. Zailazini ambayo hutumika kwa ng'ombe ni ya mkononi mwa daktari peke yake. Na kwa wale wanaotaka paka aende akiwa msafi: usimwogeshe kwa dawa ya kupe ya ng'ombe au mbwa. Pamethrini na amitrazi zilizomo kwenye dawa hizo ni sumu kwake, na paka anayetetemeka kwa sumu huonekana kama anayetetemeka kwa hofu.

Siku yenyewe

Tuseme miadi ni saa nne asubuhi na safari ni ya nusu saa. Chakula cha mwisho kiwe saa kumi na mbili alfajiri, kidogo, ili asitapike njiani. Maji yaendelee. Mtoto wa paka wa chini ya miezi 4 usimkalishe njaa muda mrefu. Kama anakwenda kufanyiwa upasuaji, fuata saa alizotaja daktari, siyo hizi. Maziwa usimpe: paka wakubwa wengi huharisha nayo, na kasha ndilo litakaloumia.

Saa moja na nusu, dawa kama imeandikwa. Saa mbili, funga mlango wa chumba alimo na ule wa nje. Chukua kitambaa safi cha pamba, msugue mashavuni na kidevuni polepole, kisha upanguse pembe za ndani za kasha kwa kitambaa hicho. Mashavu hutoa harufu anayoitumia kuweka alama kwamba mahali fulani ni pake. Ukipata dawa ya kupuliza iliyotengenezwa kufanana na harufu hiyo, ipulizie kasha, si paka, dakika 15 kabla, ili spiriti yake iishe kwanza.

Saa tatu na robo, mwingize. Mshawishi kwa omena kama kawaida. Akigoma, usimsukume kichwa mbele. Simamisha kasha wima, mdomo ukitazama juu, mshike mkono mmoja chini ya kifua na mwingine ukibeba makalio, umteremshe kwa miguu ya nyuma kwanza. Haoni anakoingia, hana pa kutandaza mikono. Laza kasha polepole na ulifunike kwa leso au taulo, ukiacha upande mmoja upitishe hewa.

Njiani

Tuktuk ni chaguo zuri mjini Kisumu: unakaa peke yako, kasha mapajani, mikono imelizunguka. Mwambie dereva azime redio na aende taratibu kwenye matuta. Kwa gari, weka kasha sakafuni nyuma ya kiti cha mbele, halitaruka. Matatu inawezekana ukilipia kiti cha pili, ukikaa mbali na spika, na ukipanda iliyokaribia kujaa ili usingoje stejini nusu saa kwenye kelele za makanga. Bodaboda iwe ya mwisho. Kama hakuna jingine, kasha likae katikati yako na dereva, limefungwa kwa kamba kwenye mwili wako, limefunikwa upande wa upepo. Kasha lisifungwe kwenye keria ya nyuma: huko hulioni, na mtetemo ni mkali.

Wakati wa joto, usilifunike pande zote na usimwache ndani ya gari lililosimama hata kwa dakika tano. Paka akianza kuhema mdomo wazi, ulimi nje, simama mahali penye kivuli, funua kasha. Mbwa kuhema ni kawaida. Paka kuhema ni dalili ya hatari, na isipoisha ndani ya dakika chache, mweleze daktari kwa simu hapo hapo.

Kliniki

Acha namba yako mapokezi, rudi ungoje nje au kwenye tuktuk. Mkilazimika kukaa ndani, kasha liwe juu ya kiti, lisikae sakafuni kwenye usawa wa pua za mbwa, na mlango wake uelekee kwako. Mwenye mbwa akitaka "wasalimiane," mkatalie bila aibu.

Ndani ya chumba, funga mlango na madirisha, kisha fungua kifuniko na umwache paka kwenye nusu ya chini, juu ya leso yake. Dakika mbili za kukaa hivyo huku daktari akikuuliza maswali hazipotei bure. Chanjo, kusikiliza moyo, hata kupima joto, vyote hufanyika humo. Kama meza ya chuma haiepukiki, itandike taulo kwanza.

Kumshika kwa ngozi ya kisogo na kumning'iniza ni mtindo wa zamani. Miongozo ya mwaka 2022 ya vyama vya kimataifa vya madaktari wa paka inaupinga, na wewe ukiuona una haki ya kusema, "Daktari, tujaribu taulo kwanza." Taulo hufanya kazi hivi: itandaze, mweke paka katikati, kichwa sentimita 10 kutoka ukingoni. Leta upande wa kushoto juu ya mgongo na uupenyeze chini ya kifua, kaza kiasi cha kupitisha vidole viwili. Leta upande wa kulia juu yake. Mkia wa taulo ukunje nyuma. Anabaki kichwa tu, na kiungo kinachohitajika hutolewa kimoja kimoja.

Soma dalili mapema. Mboni zikipanuka, masikio yakilala pembeni, mkia ukijizungusha mwilini, akilamba midomo, bado kuna nafasi ya kupumzika dakika 5 na kifuniko juu. Masikio yakilala kabisa nyuma na akianza kunguruma, mwombe daktari aahirishe kisicho cha lazima, au amtulize kwa sindano. Kuahirisha chanjo wiki moja hakumdhuru paka mzima. Kumshindilia watu watatu hufanya kila safari ijayo iwe ngumu zaidi.

Ukiumwa au kukwaruzwa hadi damu itoke, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyo hiyo. Jino la paka ni jembamba na huzika vijidudu ndani, na suala la kichaa cha mbwa huamuliwa na daktari wa watu.

Kurudi nyumbani

Fungua kasha chumbani palipotulia, kaa mbali, atoke akitaka. Kama aliondoka na njaa, mpe nusu ya chakula kwanza. Wenye paka wawili au zaidi hukutana na jambo linalowashangaza: aliyebaki humvamia aliyerudi, kwa kuwa ananuka kliniki. Watenganishe kwa saa 12 hadi 24, uhamishe leso ya mmoja kwa mwingine, kisha waonane wakati wa kula, bakuli zikiwa mbali. Aliyepewa dawa ya usingizi asichanganywe na wenzake hadi atembee bila kuyumba.

Kasha lirudi sebuleni usiku huo huo, kukiwa na omena ndani.

Maandalizi haya yote yana kipengele kimoja cha kuyaweka kando: paka dume anayechuchumaa mchangani mara kwa mara bila kutoa mkojo, au paka yeyote anayepumua kwa shida, hangojei wiki tatu wala gabapentini. Mfunike taulo, mwinue taulo na paka kwa pamoja, mtie kwenye kasha ulilo nalo, hata katoni iliyofungwa kamba, mpigie daktari mkiwa njiani.